Al-Jazari: Fundi Aliyekataa Kufa na Siri Yake

Alikuwako mfalme mmoja katika nchi ya Diyar Bakr, miaka michache baada ya kufariki Sultani Salahuddin, ambaye hakupenda mtumwa wala kijakazi ammiminie maji ya udhu. Akamtaka fundi wake amtengenezee kitu kitakachomtawadhisha pasina mkono wa mwanadamu. Fundi akaenda zake karakanani, na aliporudi alileta sanamu ya kijana iliyosimama wima, mkono wa kulia umeshika birika, na mkono wa kushoto umebeba taulo, kioo na kitana. Juu ya birika ametua ndege wa shaba. Maji yakifunguliwa, ndege hulia kwanza kama anayebisha hodi, kisha birika humimina taratibu kwa kadiri ya udhu wa mtu mmoja, na maji yakisha, ule mkono wa kushoto hushuka wenyewe na kumpa mfalme taulo ajifute.

Mfalme huyo ni Nasir al-Din Mahmud wa ukoo wa Artuki, aliyetawala tangu mwaka 1200 hivi hadi 1222. Fundi wake ni Ismail bin al-Razzaz al-Jazari, na leo kila anayeandika habari za roboti, awe wa Japani au wa Marekani, hulitaja jina lake katika kurasa za mwanzo. Lakini aghalabu hutajwa kwa ajili ya ile sanamu na ndugu zake, na jambo kubwa zaidi alilolifanya hupitwa kwa mstari mmoja. Al-Jazari alikaa akaandika, kwa lugha nyepesi na vipimo kamili, namna ya kuvitengeneza vyote alivyovijua, ili mtu asiyemjua na asiyepata kukanyaga karakana yake aweze kuvitengeneza pia. Kwa hayo ndiyo naona anastahili ukurasa wetu wa leo.

Maisha yake tunayajua kwa uchache mno. Jina la Jazari latokana na al-Jazira, nchi iliyo kati ya mito miwili ya Dijla na Furati upande wa juu, ambako leo pakutana Uturuki, Syria na Iraki. Wengi husema alizaliwa mwaka 1136. Al-Razzaz maana yake ni muuza mchele, kwa hivyo yaelekea baba yake au babu yake alikuwa na duka la nafaka, wala si mwana wa wazir au wa kadhi. Alipewa lakabu ya Badiu Zamani, yaani ajabu ya zama zake, na cheo chake katika jumba la mfalme kilikuwa Rais al-Aamal, mkuu wa kazi zote za ufundi. Habari hizi karibu zote zatoka katika utangulizi wa kitabu chake mwenyewe. Wanahistoria wa wakati ule, ambao walijaza majuzuu kwa habari za vita na nasaba za masultani, hawakushughulika na mtu wa patasi na tupa.

Alianza kazi kwa Waartuki mwaka 570 wa Hijria, sawa na 1174 au 1175 ya Miladi. Alimtumikia kwanza Nur al-Din Muhammad, kisha mwanawe Qutb al-Din Sukman, kisha mwana mwingine, ambaye ndiye yule Nasir al-Din wa birika. Hapo mwanzo makao ya watawala hawa yalikuwa Hisn Kayfa, ngome juu ya jabali kando ya Dijla, mji ambao sehemu yake kubwa ilizama mwaka 2020 chini ya ziwa la bwawa la umeme la Ilisu. Mwaka 1183 Salahuddin aliuteka mji wa Amid, ambao sasa waitwa Diyarbakir, akampa Nur al-Din. Kuanzia hapo Amid ukawa mji wao mkuu, nayo kazi ya al-Jazari kubwa kuliko zote kwa umbo, yaani mlango wa shaba wa jumba la mfalme, ilifanywa kwa ajili ya mji huo. Dunia iliyomzunguka ilikuwa inawaka moto: Hattin mwaka 1187, Baitul Mukaddas kurudi mikononi mwa Waislamu mwaka huo huo, na meli za Wazungu wa msalaba zikija na kurudi. Katika kitabu chake chote hakuandika mtambo wa vita hata mmoja. Sijui kama mabwana zake hawakumtaka hayo au yeye aliyanyamazia, lakini kimya chake chapendeza.

Sasa tuangalie alikuta nini duniani. Elimu ya mitambo ijiendeshayo, ambayo Waarabu waliiita ilmu ya hiyal, yaani ya hila na werevu, haikuanza naye. Wayunani wa Iskandaria walikuwa nayo. Huko Baghdad, katika karne ya tisa, ndugu watatu waitwao Banu Musa waliandika kitabu cha mitambo ipatayo mia hivi, vyombo vya maji na chemchemi za ajabu. Al-Jazari alivisoma vya wakubwa hawa, na alivisoma kwa jicho la fundi. Akaona kuwa baadhi ya walioandika walikuwa hawakutengeneza. Walichora kitu, wakakieleza kwa ufasaha, na wala hawakuwahi kukimwagia maji wakaona kama kinakwenda. Yeye alishika msimamo kwamba ufundi usiojaribiwa kwa mkono haujulikani ni kweli au ni uwongo; umesimama katikati hauna upande.

Upande wa pili walikuwako mafundi wenyewe, wahunzi, maseremala na wafua shaba, ambao waliyajaribu yote na wasiandike kitu. Sisi watu wa mwambao hatuna haja ya kuelezwa habari za mafundi wa namna hiyo, kwani tumeishi nao. Kuna mfua fedha aliyekuwa akimtuma mwanafunzi wake sokoni kila ilipofika saa ya kuchanganya lehemu, ili asione kipimo. Kuna mjenga majahazi aliyebeba kifuani hesabu zote za mbavu na mkuku, naye alipokufa, wanawe wakabakiwa na shoka na timazi tu. Si uchoyo peke yake; siri ndiyo ilikuwa riziki ya mtu, na mwanafunzi wa leo ni mshindani wa kesho. Lakini hasara yake tunaiona. Nenda ukatafute leo ni wangapi wajuao kushona mtepe kwa kamba.

Al-Jazari angeweza kuwa mmoja wa hao. Alikuwa na bwana wa kumlisha, karakana yake na jina lake, wala hakuna aliyemlazimisha kumfundisha mtu. Aliyeliona shimo lililo mbele alikuwa mfalme. Kwa habari aliyoiandika al-Jazari mwenyewe, siku moja alikuwa mbele ya Nasir al-Din na kitu alichokwisha kukitengeneza kwa amri yake, mfalme akakitazama, akamtazama na mwenye kukitengeneza, akaingiwa na fikira kuwa kazi hizi hazina mfano na kwamba zitapotea. Akamwagiza atunge kitabu kitakachozikusanya alizozibuni peke yake, pamoja na michoro yake. Fundi hakuwa na njia ila kutii. Naam, alitii, lakini mtu aweza kutii amri kwa kuandika sifa za bwana wake na maajabu ya kazi yake, akamwacha msomaji amefunua kinywa na hajajua kitu. Vitabu vya namna hiyo tunavyo vingi. Yeye hakufanya hivyo.

Kitabu chake, ambacho kwa ufupi huitwa Kitabu cha Maarifa ya Hila za Kihandisi, kina mitambo 50 katika mafungu sita: saa za maji na za mishumaa, vyombo na sanamu za barazani, mabirika na matasa ya kutawadhia na ya kupimia damu ya mtu anayeumikwa, chemchemi zibadilishazo umbo pamoja na zumari zijipigazo, mitambo ya kupandisha maji, na fungu la mwisho la vitu mbalimbali, miongoni mwavyo kufuli lifunguliwalo kwa kupanga herufi.

Ajabu yake ni mpango wa kila mlango. Kwanza hukueleza kitu kama akionavyo mgeni aliyesimama nje: sanamu hii yafanya hivi, ndege yule atoa sauti hivi. Kisha hukuingiza ndani, akakutengenezea kipande kimoja kimoja. Hapa utachukua bamba la shaba nyekundu, urefu wake shibiri kadhaa, ukilikunja hivi na kulilehemu pale. Mwisho huvikusanya vipande vyote na kukuonyesha mwendo wao, huyu amvuta yule, yule amwachia huyu. Michoro ameitia rangi, na kila kipande amekipa herufi za abjadi, alifu, be, jimu, ili usomapo maneno upate kuweka kidole juu ya kitu chenyewe. Mtu yeyote aliyekaa chuoni akahesabu abjadi ataukuta mchoro wa miaka 800 ukimzungumzia. Kiarabu chake nacho ni cha karakanani. Hakuna sajaa wala vina, na mimi niliyezoea kutafuta vina kila mahali nakiri kuwa nilipenda hivyo, kwani kipimo cha tundu hakihitaji bahari.

La ajabu zaidi, kwa fundi wa jumba la mfalme, ni kuwa huandika hata yaliyomshinda. Mfano wake umo katika mtambo wa kwanza kabisa, saa kubwa ya maji. Ili auelewe msomaji, na afikiri kwanza namna sisi Waswahili tunavyohesabu saa. Jua likichomoza twaanza, na saa moja ya asubuhi ni saa moja tangu kuchomoza. Al-Jazari naye alihesabu hivyo hivyo, mchana saa 12 na usiku saa 12. Ila sisi tuko karibu na Ikweta, mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima. Amid iko kaskazini mbali, na mchana wake wakati wa joto hukaribia saa zetu 15, na wakati wa baridi hushuka hata tisa na nusu. Na kwao mchana wowote ule lazima ugawanywe mara 12. Kwa hivyo saa ya Juni ni ndefu na saa ya Disemba ni fupi, na mtambo wa maji utakaozifuata hauna budi kubadilisha kasi ya maji yake kila siku ya mwaka.

Wazee walioandika kabla yake walikuwa na dawa ya tatizo hili, sahani ya nusu duara yenye alama za buruji, nayo dawa hiyo ilinasibishwa na Arkimidi mwenyewe. Al-Jazari aliitengeneza kama ilivyoandikwa. Haikwenda sawa. Akajaribu njia nyingine iliyojulikana, nayo haikwenda. Mwisho akaacha hesabu za vitabuni, akatengeneza sahani ya duara kamili, akakaa akiipima kwa maji yenyewe, akiongeza na kupunguza alama baada ya alama mpaka ikatii. Yote hayo ameyaandika: lililoshindwa, kwa nini lilishindwa, na alilofanya baadaye. Mwanafunzi asomaye hapo apata kitu ambacho mwalimu mwenye kiburi hampi kamwe, nacho ni kujua kuwa hata bingwa huanza kwa kukosea, na kuwa kosa lina njia ya kulifuata hadi shinani.

Mtambo wake ujulikanao zaidi ni saa ya tembo, nao ni darasa kamili kwa anayeanza. Ndani ya tumbo la tembo mna pipa la maji, na juu ya maji laelea bakuli lenye tundu dogo chini. Maji huingia kwa tundu lile, bakuli likashuka pole pole, likazama baada ya nusu saa kamili. Likizama huvuta uzi. Uzi huo wapanda juu kabisa ya kibanda kilicho mgongoni mwa tembo, ukaachia gololi moja ya chuma. Gololi hutoka kinywani mwa mwewe, ikaangukia katika kinywa cha nyoka. Nyoka kwa uzito huo huinama, na kwa kuinama kwake hulivuta bakuli juu, likamwaga maji yake na kurudi kuelea. Gololi nayo huteremka njia yake, mwendesha tembo akampiga mnyama wake kichwani, na mwisho mlio wa shaba ukasikika. Nyoka ameachwa mtupu, arudi juu, na kila kitu kimekaa tayari kungoja nusu saa nyingine. Wakati wote huo karani aliyeketi mbele ya kibanda alikuwa akizunguka taratibu, na kalamu yake yaonyesha umepita muda gani.

Mtazame mwerevu huyu. Kitu kimoja chahisi wakati, nacho ni bakuli. Kitu kimoja chapeleka habari, nacho ni uzi. Kitu kimoja chatenda, ndiye nyoka, na kutenda kwake ndiko kunakourudisha mtambo mwanzo wake. Kijana anayefundishwa roboti leo katika darasa lolote huanzia hapo hapo: kihisi, kiongozi, mkono, kisha marejeo. Tofauti ni kuwa leo kazi ya uzi hufanywa na umeme. Na lile bakuli la kuzama halihitaji dhahabu ya mfalme. Kifuu cha nazi kilichotobolewa kwa msumari, ndoo ya maji na uvumilivu wa kupanua tundu kidogo kidogo vyatosha kumfundisha mtoto kupima robo saa, na akishajua hilo amekwisha kuingia mlangoni.

Wako wenye kufikiri kuwa kumfungulia mgeni mlango wa elimu hii ni fikira ya juzi. Kweli kuna mifano mizuri ya juzi. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea huko Italia, walimu wa chuo kimoja waliunda kibao kidogo cha umeme kiitwacho Arduino kwa ajili ya wanafunzi wa sanaa na usanifu ambao hawakusomea umeme, wakauacha mchoro wake wazi kwa kila atakaye kuunakili, na vibao hivyo vimeenea ulimwenguni. Nawasifu. Ila mchoro ulioachwa wazi, vipimo vyake na herufi zake, ulikuwako Amid miaka 800 nyuma yao.

Fauka ya saa na sanamu, kitabu kimejaa mambo madogo madogo ya kazi ambayo mafundi wengine wangeyaficha kama hirizi. Al-Jazari aeleza kutengeneza kwanza mfano wa karatasi kabla ya kuharibu shaba. Aeleza kugundisha mbao tabaka juu ya tabaka ili zisipinde. Aeleza kusawazisha gurudumu lisielemee upande mmoja, na kusaga vali pamoja na kikalio chake kwa unga wa jiwe gumu mpaka tone la maji lisipite. Aeleza kusubu shaba katika kalibu za mchanga mbichi zilizofungwa. Mtu wa nje aweza kuyaruka maneno haya kwa kuchoka. Fundi akiyasoma hukaa kitako.

Na ikiwa kuna anayemdharau kwa kusema ya kuwa hizi zote zilikuwa ni michezo ya wafalme, na aende kwenye fungu la tano. Huko iko mitambo mitano ya kuteka maji, ya kukokotwa na mnyama au na mto wenyewe. Katika mmoja wapo umo mkono wa kuzungushia ulio katika michoro ya mwanzo kabisa ijulikanayo ya kifaa hicho ndani ya mashine, yaani babu wa kile kinachozunguka ndani ya kila injini ya gari. Mwingine ni bomba la mitungi miwili iliyolala ikielekeana, mmoja ukinyonya mwenzake wasukuma, kwa nguvu ya gurudumu la maji. Kwa maoni yangu bomba hilo lapita tembo na tausi wote kwa thamani.

Pia haifai kumtia sifa zisizo zake. Husemwa kuwa Ulaya ilijifunza mitambo kwa kitabu hiki. Hakuna tafsiri ya Kilatini ya zama zile ijulikanayo, na baadhi ya vifaa vyake vilizuka upya kwa Wazungu bila njia tunayoweza kuionyesha. Husemwa tena kuwa mashua yake ya wanamuziki wanne wa sanamu ndiyo programu ya kwanza ya roboti. Profesa Noel Sharkey wa Sheffield, Uingereza, aliunda mfano wake mdogo, akaonyesha kuwa vijiti vinavyoinua mikono ya mpiga ngoma vikihamishwa mahali pake, mdundo hubadilika. Yawezekana kweli, ila al-Jazari hakuandika kwamba vihamishwe, naye ni mtu aliyekuwa akiandika kila kitu.

Na lipo jambo jingine, ambalo wenzetu wa Ulaya hulipita bila kuliona, nasi wa Pwani hatuwezi. Neno roboti lenyewe lilitolewa na Karel Capek, mwandishi wa Prague, katika mchezo wa kuigiza wa mwaka 1920, nalo latokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, kazi ya shokoa. Basi zitazame sanamu za al-Jazari. Mmimina maji ni mtumishi. Mletaji wa bilauri ni kijakazi. Fundi alikuwa akiona watumwa jumbani kila siku, na alipotaka mashine iwe na sura ya mtu, sura iliyomjia ilikuwa ya hao. Hakuna dalili kwamba alikuwa akifikiria kuwaacha huru. Lakini mfalme asiyetaka kumwagiwa maji na kijakazi, na fundi aliyempa shaba badala ya mkono wa mtu, walikwisha kuigusa hoja ambayo ulimwengu ungali ukiijadili.

Kalamu yake ilipofika mwisho, naye alikuwa amefika mwisho. Nakala ya zamani kabisa tuliyonayo ilimalizwa mwezi wa Shaaban mwaka 602 wa Hijria, Aprili 1206, kwa mkono wa mnakili aitwaye Muhammad bin Yusuf bin Uthman al-Haskafi, naye yaelekea alikuwa akinakili kitabu cha mtu aliyekwisha kufariki. Kwa hiyo wataalamu huchukua mwaka huo kuwa ndio wa kufa kwake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nakala hiyo imehifadhiwa Topkapi, Istanbul.

Kitabu kiliendelea kunakiliwa karne baada ya karne, Sham, Misri na kwingineko, iko nakala ya 1315 na nyingine ya 1354. Lakini tusijidanganye kuwa kilifika kwa kila fundi. Kitabu cha mkono chenye michoro ya rangi kilikuwa ghali, na wengi walioweza kukinunua walikinunua kwa uzuri wa picha. Ile nakala ya 1354 ilipatwa na balaa la uzuri huo huo: kurasa zake zilizochorwa zilikatwa zikauzwa moja moja, na leo zimetawanyika katika majumba ya makumbusho ya Marekani na Ulaya, zikining'inia ukutani kama picha. Kurasa zilizoandikwa ili mtu atengeneze saa, sasa hazimfundishi mtu kitu.

Waliokifungua tena walikuwa Wajerumani wawili, Eilhard Wiedemann na Fritz Hauser, katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini. Kisha akaja Donald Hill, Mwingereza, mhandisi aliyefanya kazi katika mafuta na kujifunza Kiarabu, akakitafsiri chote kwa Kiingereza mwaka 1974. Mwaka 1979 Ahmad al-Hassan alikitoa kwa Kiarabu chake cha asili huko Aleppo. Ndugu zetu waendao Dubai kutafuta maisha huenda wamepiga picha mbele ya tembo mkubwa aliyesimama ndani ya lile duka kuu lililopewa jina la Ibn Battuta. Huyo ndiye tembo wa al-Jazari.

Ila mtihani wenyewe ulikuwa umekwisha kufanywa London mwaka 1976, wakati wa tamasha la ulimwengu wa Kiislamu. Jumba la makumbusho ya sayansi la huko liliamua kuijenga upya ile saa kubwa ya maji ya mlango wa kwanza. Mafundi wao hawakuwa na sanamu ya kuiga wala mzee wa kuwaelekeza, kwani saa yenyewe imepotea zamani na Amid hakuna aliyeikumbuka. Walikuwa na maandishi na michoro tu. Wakafuata kama walivyoambiwa, bamba kwa bamba na herufi kwa herufi, wakajaza maji, wakafungua. Saa ikaenda. Milango midogo ikafunguka, na mwewe wawili wa shaba wakainamisha vichwa, wakaachia gololi zao.